Kitambaa cha kudarizi hakivutwi kama ngozi ya ngoma

Wengi tumefundishwa kwamba kitambaa kikishabanwa kwenye fremu ya mashine ya kudarizi, kivutwe pande zote mpaka kilie kama ngoma. Si kweli, na kwa fulana ni hasara tupu. Kitambaa kilichovutwa hudariziwa kikiwa kimetanuka; ukikitoa, kinajirudi, lakini nyuzi za darizi hazijirudi nacho. Ndipo ua linazungukwa na mikunjo isiyonyooka hata kwa pasi.

Legeza kwanza skrubu ya fremu ya nje. Tandaza juu yake karatasi ya kuimarishia kitambaa, kisha kitambaa chenyewe, kandamiza fremu ya ndani iingie katika ile ya nje, kisha kaza skrubu. Kinyooke bila kutanuka. Tazama kwa karibu mistari midogo ya ufumaji wa fulana: ikipinda, umeshavuta. Toa, anza upya.