Usuli wa kienyeji na kanuni za mezani: maana yake katika michezo ya kuigiza wahusika

Ukiketi kucheza kadi na Wakenya usiowajua, kabla karata hazijagawiwa unauliza: hapa mnachezaje? Maana kuna meza ukisahau kusema "niko kadi" huruhusiwi kumaliza, na kuna meza unaongezewa karata juu yake. Kila mmoja ataapa kwamba kwao ndiko wanakocheza sawasawa. Kitabu cha kuamua hakuna. Wenye meza ndio wanaoamua.

Katika michezo ya kuigiza wahusika kitabu kipo, tena kinene, na bado wenye meza wanakipindua. Unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wachache wanazunguka meza, kila mmoja na mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi. Mmoja wao ni msimamizi. Yeye husimulia ulimwengu na kuwasemea wote waliomo, kuanzia mfalme hadi muuza mishumaa. Mchezaji akitaka kufanya jambo lenye shaka, kama kuruka ukuta au kumdanganya mlinzi, anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha alama za ustadi wake, na msimamizi anaona kama jumla imefika kiwango kinachotakiwa. Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa kupindua kanuni: Arneson alizitumia kanuni za Chainmail, mchezo wa vita wa vinyago vidogo vya askari wa mwaka 1971, akawa anazikatakata na kuziongezea mpaka zikageuka kitu kingine.

Kitu chochote ambacho wachezaji wamejitungia wenyewe, wenye Kiingereza hukiita kwa jina la pombe ya kupikwa nyumbani: homebrew. Sisi tuna neno "kienyeji", na linatosha. Yanayotungwa ni mengi, lakini mawili huchanganywa mno: usuli wa kienyeji na kanuni za mezani. Usuli ni wa mhusika mmoja, unasema alikuwa nani kabla hadithi haijaanza. Kanuni ya mezani humshika kila aliyeketi pale, na maadui wa msimamizi pia. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi siku mtu anapopenyeza kanuni ndani ya usuli wake.

Tuanze na usuli. Katika toleo la 2014 la kitabu cha mchezo huu, usuli ulimpa mhusika stadi mbili, vifaa au lugha ambazo jumla yake ni mbili, mizigo michache ya kuanzia, na upendeleo mmoja wa kijamii. Baharia, kwa mfano, aliweza kupata nafasi melini bila kulipa. Kitabu chenyewe kiliruhusu mchezaji abadilishe vipengele hivyo ajitungie wake. Toleo la 2024 limeongeza uzito: usuli sasa ndio unaopandisha alama za uwezo, kama nguvu au hekima, na unatoa kipaji kimoja. Kwa hiyo kujitungia usuli siku hizi kunahitaji jicho kali kuliko zamani.

Mezani petu, ambako bado tunatumia toleo la 2014, mwenzetu mmoja alitaka mhusika aliyekuwa mpagazi wa msafara, kama wale Wanyamwezi waliobeba pembe hadi Bagamoyo katika karne ya 19. Wazo zuri, kitabuni hakuna mtu wa namna hiyo. Akaja na karatasi: anabeba mara tatu ya wenzake, hachoki, halali, hapotei njia kamwe.

"Bwana," nikamwambia, "huyu si mpagazi. Ni lori."

Tukakaa nayo. Stadi mbili zilipatikana haraka: riadha, na ujuzi wa kuishi porini. Akachagua ngoma, maana msafara bila ngoma na wimbo hauendi, na lugha moja aliyookota njiani. Hapo hesabu ya vifaa na lugha ikawa imejaa. Kwenye kubeba ndipo tulipocheka. Kwa kanuni za kitabu, mtu mwenye nguvu 10, yaani wa kawaida kabisa, anabeba ratili 150, karibu kilo 68. Mzigo wa mpagazi wa kweli ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu. Mtu wa kawaida wa kitabuni alikuwa tayari anabeba mizigo ya wapagazi wawili! Upendeleo wa kubeba haukuwa na kazi.

Uliobaki ndio uliomfanya awe mtu: kambi yoyote ya msafara itampa moto, mahali pa kulala na habari za njia, mradi kesho yake asubuhi abebe mzigo hadi kituo kinachofuata. Upendeleo huo hauongezi hata alama moja vitani. Lakini kila akiutumia, hadithi inasogea, kwa sababu analipa kwa siku nzima ya safari na anasikia anayosema kirangozi, yaani kiongozi wa msafara. Kipimo changu cha usuli ni hicho: uwape watu sababu ya kuzungumza na mhusika wako. Ukiona unaongeza namba tu, chukua usuli mmoja wa kitabuni, uuweke pembeni, uhesabu vipengele kimoja kimoja. Wako ukizidi, punguza.

Kanuni za mezani zina kipimo kingine: nani anaumia? Mfano mwepesi ni dawa ya uponyaji. Katika toleo la 2014 kunywa dawa kulikula tendo lako zima la zamu hiyo. Unameza kichupa, unapata dadu mbili za pande 4 na kujumlisha 2, wastani wa 7, kisha unabaki kutazama joka likikurudishia majeraha. Meza nyingi zikaamua dawa inywewe kwa tendo dogo la ziada, ili mtu abaki na nafasi ya kupiga. Hakuna aliyeumia. Toleo la 2024 likaja na utaratibu huohuo kitabuni.

Mfano mgumu ni adhabu ya moja. Mchezaji akirusha dadu ikaonyesha 1, panga linamponyoka, au anamkata rafiki yake. Inachekesha sana usiku wa kwanza. Sasa piga hesabu: kila rusho lina uwezekano wa asilimia 5 wa kutoa 1. Mpiganaji wa ngazi ya 5 anapiga mara mbili kwa zamu, kwa hiyo karibu asilimia 10 ya zamu zake ataaibika. Akifika ngazi ya 20 anapiga mara nne, na uwezekano unapanda hadi kama asilimia 18.5. Yaani kadiri anavyobobea ndivyo anavyoangusha panga mara nyingi zaidi. Mchawi anayetupa moto na kuwaachia maadui ndio warushe dadu za kujiokoa, hapatwi na lolote. Sisi tuliicheza kwa majuma matatu hivi, aliyekuwa akicheza mpiganaji akanyamaza, tukaifuta.

Kuna pia kanuni za mezani ambazo watu hawajui kuwa ni zao. Wengi huamini kwamba 20 ya dadu hufaulisha kila kitu. Katika toleo la 2014, 20 hufaulisha moja kwa moja pigo la vitani. Ukimwomba mfalme akupe taji lake na dadu ikatoa 20, bado anaweza kukucheka. Meza inaruhusiwa kuamua vingine, lakini iamue ikijua kwamba inaamua.

Ndiyo maana kikao cha kabla ya mchezo, cha kukubaliana kanuni, ambacho wachezaji hukiita kikao cha sifuri, kina faida. Kanuni zetu ziko kwenye nusu karatasi iliyokunjwa ndani ya kitabu: dawa kwa tendo dogo, adhabu ya moja imefutwa, na anayechelewa ndiye ananunua chai. Mpagazi wa mwenzetu yuko karatasi nyingine, yake mwenyewe. Amekwisha kubeba chumvi, vitambaa, na mara moja jeneza ambalo hakuuliza lina nani.