Asali huua pale inapogusa

Simama nusu saa mbele ya wauza asali wa Marikiti, utasikia chupa moja ikitibu kidonda, taifodi, ugonjwa wa mkojo na nguvu za kiume, zote kwa kijiko kimoja asubuhi kabla ya kula. Muuzaji hasemi uongo mtupu. Ukweli umo, ila umetiwa maji, kama inavyotiwa asali yenyewe wakati mwingine.

Tuanze na ulio kweli. Asali inaua bakteria. Wamisri wa kale waliiandika katika tiba zao zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na maabara za leo zimeiona ikiwaua hata baadhi ya bakteria waliozoea dawa za hospitali. Siri ya kwanza ni kiu. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari na maji ni kama asilimia 17 tu, kwa hiyo hufyonza majimaji popote inapoyakuta, na bakteria aliyezungukwa nayo hukauka. Anayejua jinsi chumvi inavyomfanya papa kuwa ng'onda ameshaelewa. Pili, asali ina asidi kuliko tunavyodhani kwa utamu wake. Bakteria wengi wa vidonda hawazaani vyema humo. Tatu, nyuki huitilia kimeng'enya (enzaimu) kiitwacho glukosi oksidesi. Kimeng'enya hicho hulala ndani ya asali nzito, kisha huamka asali ikikutana na majimaji ya kidonda, kikaanza kutoa haidrojeni peroksaidi. Ndiyo ile dawa ya duka la dawa inayotoa povu kwenye kidonda, ila hapa hutoka kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Sasa tazama: kiu, asidi na peroksaidi, zote zafanya kazi pale asali inapogusana na bakteria, tena ikiwa bado nzito.

"Basi nikiinywa itawaua bakteria wa ndani." Hapa ndipo watu wengi hupotea. Ukishaimeza, asali huchanganyika na maji ya tumbo, sukari yake huingia damuni kama sukari ya chai au ya halua, na ule uzito uliokuwa ukikausha bakteria umekwisha. Bakteria wa taifodi hupita kwenye damu na kujificha kwenye ini na wengu. Wa mkojo wako kibofuni. Kutarajia kijiko kiwafuate huko ni kama kumwaga kikombe cha chai Kilindini ukangoja bahari igeuke rangi. Na taifodi haingoji: ikiachwa wiki kadhaa yaweza kutoboa utumbo. Aliyeandikiwa antibayotiki azimalize, asali aile kwa raha zake. Mwenye kisukari hata hiyo raha aipime, maana asali hupandisha sukari ya damu, iwe safi namna gani.

Najua nitatajiwa Surat An-Nahl, sura ya Nyuki katika Qur'ani. Aya inasema mna shifaa ndani yake, nami naiamini. Lakini sijaona ilipotukataza kwenda kupima damu.

Kikohozi nacho? Hapo asali inasaidia kweli, na tangu 2018 miongozo ya madaktari wa Uingereza huitaja kabla ya antibayotiki kwa kikohozi cha kawaida. Ila kikohozi hicho mara nyingi huletwa na virusi, si bakteria. Asali inalainisha koo tu. Inapogusa, tena.

Ngozini ndiko kwenye ushahidi. Watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walipokusanya majaribio mwaka 2015, waliona majeraha ya moto yasiyo ya kina sana yakipona mapema kwa kama siku 4 hadi 5 yakifungwa kwa asali kuliko kwa baadhi ya bendeji za kawaida. Kwa vidonda vya miguu vinavyoletwa na mishipa mibovu hawakuona faida ya maana. Kwa hiyo "asali huponya kidonda chochote" si kweli, na mguu wa mwenye kisukari usifanyiwe majaribio jikoni. Vilevile ukikanyaga msumari, asali haichukui nafasi ya sindano ya pepopunda.

Khalati yangu huchukua ile chupa ya kabatini, iliyoingizwa vijiko vya chai mwezi mzima, akampaka mtu aliyeungua. Kwanza maji ya bomba yanayotiririka, khalati, dakika 20. Halafu asali inayotumika hospitalini si ya kabatini. Imepitishwa kwenye mionzi ya gama ili kuua spora za bakteria, yaani mbegu zao ngumu zinazolala, kwani ukiichemsha utaharibu kile kimeng'enya. Marekani iliruhusu bendeji za namna hiyo mwaka 2007.

Manuka ya Nyuzilandi ina kemikali yake, methiliglioksali, ambayo haitegemei peroksaidi, ndiyo maana bei yake iko juu. Ya mkunazi kutoka Hadhramaut nayo ina bei yake na heshima zake. Bei haibadili kanuni: ukiinywa, yote ni sukari. Na kile kiberiti kinachochovywa kwenye asali kikawashwa huenda kikaonyesha kama ina maji mengi, basi. Asali iliyoganda si lazima iwe ya sukari guru. Glukosi huganda yenyewe.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu linahusu furaha. Mwana akizaliwa, wako wanaomtia asali kinywani wakati wa tahniki, ile desturi ya Kiislamu ya kumwonjesha mtoto mchanga kitu kitamu. Asali huweza kuwa na spora za bakteria wa botulizimu; hizo, ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, huota ndani ya utumbo wa mtoto ambaye hajafika miezi 12 na kutoa sumu. Mtoto hufunga choo, kilio hudhoofika, hanyonyi, shingo hulegea, na mwisho pumzi. Kuichemsha asali nyumbani hakuziui. Mtoto akionyesha dalili hizo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na tahniki asili yake ni tende: itafunwe mpaka ilainike kabisa, asali ingoje mwaka.