Mbawakawa wa Darwin aliyekaa miaka 182 bila jina

Kama umewahi kuamka na lengelenge shingoni msimu wa mvua ukaambiwa ni nairobi flai, basi ndugu wa huyu mdudu wa leo unamjua tayari. Nairobi flai sio inzi na wala haumi, ni mbawakawa, sumu iko kwenye damu yake na inakupata pale unapomponda kwenye ngozi, kwahiyo mpulize tu aende zake usimpige kofi. Familia yake inaitwa Staphylinidae, ina spishi zaidi ya elfu sitini, na alama yao ni yale mabawa magumu ya juu kuwa mafupi mno, kama mtu aliyevaa koti la mdogo wake, sehemu kubwa ya tumbo inabaki nje.

Sasa huyu wa leo ni wa Argentina. Mwaka 1832 Charles Darwin, kijana wa miaka 23, alishuka pale Bahía Blanca akiwa safarini na meli ya Beagle akaokota wadudu, mmoja wao akaishia makumbusho ya London na hapo akapotea. Kupotea kwenyewe sio kwamba aliibiwa, hapana, alichanganyikana na wenzake ambao hawajatambuliwa, na sisi tunaoshinda na hizi droo za wadudu wa makumbusho tunajua hilo linavyotokea kirahisi, droo ziko nyingi, watu wa kuzipitia wachache.

Miaka mingi baadae Stylianos Chatzimanolis, mtaalamu wa kundi hilo kule Tennessee, Marekani, akaomba kuazimwa sampuli kutoka London. Katika kuzipitia akaona mmoja papasi zake, yaani zile pembe laini za kichwani, ziko tofauti, vile vipande vyake vimechongoka upande kama meno ya msumeno, na kichwa na mgongo wa kifua vinang'aa kijani-bluu kama chuma. Hapo ndio kazi inaanza, maana rangi peke yake haitoshi, rangi inadanganya sana. Unamweka chini ya hadubini unaangalia papasi, mdomo, nyayo, vinyweleo, dume unamlainisha kwanza ndio utoe viungo vyake vya uzazi kwasababu mara nyingi spishi mbili zinafanana kila kitu isipokuwa hapo, alafu unalinganisha na kila ndugu yake anayejulikana mpaka uridhike kwamba hafanani na yeyote. Huyu hakuingia hata kwenye jenasi zilizokuwepo, yaani makundi ya spishi zilizo ndugu wa karibu, ikabidi apewe yake.

Na lebo jamani! Mdudu bila lebo kwetu ni pambo tu. Kikaratasi kidogo kwenye pini, chenye mahali alipookotwa, ndicho kilichowarudisha hadi Bahía Blanca na kwa Darwin mwenyewe.

Jina likatoka tarehe 12 Februari 2014, siku ya kuzaliwa Darwin, kwenye jarida la ZooKeys: Darwinilus sedarisi. Nusu ya kwanza ni heshima ya Darwin, ya pili ni ya David Sedaris, mwandishi wa Marekani, sababu Chatzimanolis alikuwa anasikiliza vitabu vyake vya sauti wakati akiandaa wadudu. Wapo wanaoona ni utani, mimi namwelewa kabisa, kubandika wadudu usiku peke yako bila kitu masikioni ni kazi ngumu.

Wakati anapewa jina walijulikana wawili tu duniani. Yule wa Darwin, ambaye ndiye sampuli ya kielelezo, yaani yeyote atakayedai kampata mwingine lazima alinganishe na yeye, na wa pili alikutwa makumbusho ya Berlin, ameokotwa Río Cuarto, mkoa wa Córdoba, kabla ya 1935. Chatzimanolis alikagua na makumbusho mengine asipate wa tatu. Maeneo yale sehemu kubwa sasa ni mashamba, na yeye mwenyewe alisema anaomba tu isiwe kampa jina mdudu ambaye ameshatoweka.