Kifaa cha kuvaa mkononi (kama saa janja) na usingizi wako: maswali na majibu

Kifaa kinajuaje kama nimelala?

Hakijui, kinakisia. Ndani mna kihisi kinachopima mtikisiko wa mkono: ukitulia kwa muda, kinaandika usingizi; ukitikisika, kinaandika uko macho. Vingi huongeza taa ya kijani inayomulika ngozi ili kusoma mapigo ya moyo. Kwa hiyo aliyelala chali akitazama dari, mawazo yakimzunguka, huandikiwa usingizi ambao hakuupata. Hilo ndilo kosa kubwa la kifaa.

Nikivae vipi, na kwa siku ngapi?

Kivae kwenye mkono usioutumia sana, upana wa kidole juu ya mfupa wa kifundo cha mkono. Mkanda ushike ngozi bila kuacha alama. Ukilegea, mwanga wa nje huingia na mapigo husomwa ovyo. Kwa jasho la Mombasa, kivue ukienda kuoga, ukisuuze kwa maji yasiyo ya chumvi, ukaushe ngozi vizuri. Upele mara nyingi huletwa na unyevu na sabuni iliyonasa chini ya mkanda. Kitie chaji wakati huohuo, si usiku.

Siku 7 ndicho kima cha chini, 14 ni bora, wikendi zikiwemo. Weka na daftari kando ya kitanda: ulizima taa lini, uliamka lini, ulilala mchana kiasi gani, ulikunywa kahawa saa ngapi, ulikivua lini. Pasipo daftari, kifaa kilicholala mezani chaweza kuonekana kama mtu aliyelala.

Nafanya zamu bandarini Kilindini, na Ramadhani naamka kula daku. Kitanielewa?

Mara nyingi hapana. Programu nyingi hutarajia usingizi mmoja mrefu wa usiku. Ukilala saa nne, ukaamka saa kumi kwa daku, ukaswali alfajiri na kulala tena, kipande cha pili huenda kikaachwa. Jumlisha mwenyewe kutoka kwenye daftari, na wiki ya zamu ya usiku usiilinganishe na ya mchana.

Mbona hatua kinazohesabu haziendani na mwendo wangu?

Tuktuk kwenye barabara mbovu hutikisa mkono, hatua zikaongezeka. Hamali wa soko la Kongowea anayesukuma mkokoteni, mikono imeshika mpini, huhesabiwa pungufu, ingawa ndiye aliyechoka. Wala usiteswe na hatua 10,000 kwa siku: lengo hilo lilitokana na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za kushughulisha mwili kwa nguvu ya wastani kwa wiki.

Nimwone daktari lini?

Ukikoroma sana na mwenzio akaona unakata pumzi, au ukisinzia ukiendesha gari, nenda hata kama kifaa kinakusifu. Chukua daftari lako.