Je, wajua kwa nini kuna mji Marekani unaoitwa “Kwa Nini”?

Kusini mwa jimbo la Arizona, ukishika barabara namba 85 kuelekea mpaka wa Mexico, utapita mahali panapoitwa Why. Ndiyo, lile neno la Kiingereza la kuulizia “kwa nini”. Wapita njia husimama kupiga picha kwenye kibao, wakidhani walioasisi mahali hapa walikuwa wanafalsafa. Wapi! Jina limetokana na barabara.

Barabara namba 86 hutoka Tucson, hukatiza ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa hili tangu enzi, na baada ya kilomita kama 190 huishia hapo kwa kuungana na ile ya 85. Zamani zilikutana kimshazari, zikafanya njia panda hasa, kama kijiti cha manati. Ukiichora ni herufi Y, na Y kwa Kiingereza husomwa “wai”, sawasawa na linavyotamkwa neno why. Sisi nasi tuna Njia Panda yetu pale Himo, Kilimanjaro, kwa hiyo tusiwacheke sana.

Basi kwa nini wasiandike Y tu, yakaisha? Inasimuliwa kwamba sheria ya Arizona wakati ule ilitaka jina la mahali liwe na herufi zisizopungua tatu. Y ni moja. Wakatafuta neno lenye sauti ileile na herufi za kutosha, na hapo wakalipata.

Kinachochekesha ni kwamba ile Y yenyewe haipo tena. Kwenye panda ya namna ile, dereva anaingia barabara kubwa kwa ubavu, mwendo haujapungua, na kuona gari linalokuja inabidi ageuze shingo hadi nyuma ya bega. Idara ya barabara ya jimbo ikaivunja, ikajenga makutano ya umbo la T: unafika, unasimama, unatazama kulia na kushoto, ndipo unaingia. Jina likabaki, panda ikaenda zake.

Halafu nimeandika “mji” kwenye kichwa cha habari, lakini kisheria Why si mji. Marekani, watu kukaa pamoja na kuwa na jina hakutoshi. Ili mahali pawe mji, lazima pasajiliwe chini ya sheria za jimbo, ndipo pawe na meya, baraza na kodi zake. Why haikusajiliwa. Iko chini ya Kaunti ya Pima, yenye makao makuu Tucson, na ulinzi wa eneo ni kazi ya sherifu wa kaunti. Sensa ya 2010 ilikuta watu 167. Hao wangechanga shilingi ngapi kumlipa meya?

Wengi wa wanaopita hapo wana safari ya mbele. Kusini kuna hifadhi ya Organ Pipe Cactus, iliyotangazwa mwaka 1937, inayojulikana kwa mmea wa jamii ya mpungate ambao mashina yake huchomoza pamoja kutoka ardhini kama mabomba ya kinanda cha kanisani. Kaskazini, kilomita kama 16, ni Ajo, penye shimo kubwa la mgodi wa shaba uliofungwa katika miaka ya 1980. Kipindi cha baridi huja wastaafu na magari yao ya kulalia, wakikimbia theluji ya kwao. Joto likianza kupanda kupita nyuzi 40, hao wanaondoka.

Kama unajiuliza, ndiyo: North Carolina kuna kitongoji kinachoitwa Whynot, yaani “kwa nini isiwe”. Nacho hakijasajiliwa kuwa mji. Husimuliwa kwamba wakazi walikaa kikao kirefu cha kutafuta jina. Huyu anasema, kwa nini tusipaite hivi? Yule naye, kwa nini tusipaite vile? Mpaka mmoja aliyechoka akauliza kwa nini wasipaite “Kwa Nini Isiwe”, watu waende makwao kulala.