Koleo Lenye Matundu: Sheria na Vifaa vya Mbio za Skimo

Kijana alikuwa amelitoboa koleo lake matundu kumi na mawili, safu tatu za manne manne, kazi safi ya mashine. Ungedhani ni chujio. Nikamuuliza kulikoni, akanijibu bila haya: "Gramu arobaini."

Ilikuwa jioni ya Januari, mbio zinaanza saa moja usiku, na foleni mbele ya meza yangu imefika mlangoni. Nikaliweka koleo chini ya meza, nikamwambia akatafute lililo zima, la sivyo haanzi. Akanuna. Wengi hununa.

Mimi ni fundi wa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni kutelezea kwenye theluji. Tangu 2011 nafanya kazi kwenye karakana jimboni Valais, kusini mwa Uswisi: nanoa kingo, napaka nta, nabadilisha vifungio vinavyoshika buti kwenye skii, naziba makovu ya mawe. Wikendi za majira ya baridi najitolea kukagua vifaa kwenye mbio za vijijini za skimo, yaani mbio za kupanda na kushuka milima kwa skii. Ndugu zangu wa Moshi wamenicheka vya kutosha kwamba nimehama mlima wenye theluji kwenda kukaa chini ya milima mingine yenye theluji, lakini swali lao ni lile lile kila mwaka: sasa hapo mnashindana nini, si mnateleza tu? Leo najibu kwa maandishi, wakiniuliza tena niwatumie kiungo.

Kuteleza ndiyo sehemu fupi. Kazi iko kwenye kupanda. Mkimbiaji anaukwea mlima akiwa na skii miguuni, kisigino kikiwa huru kuinuka kama mtu anayetembea. Akifika juu anabandua kilichozuia skii zisirudi nyuma, anakaza buti, anafunga kisigino, anashuka kwa kasi. Chini anabandika tena, anapanda tena. Pakiwa wima mno anavua skii, anazipachika mgongoni, anapanda kwa miguu. Bendera za kijani zinamwonyesha njia ya kupanda, nyekundu ya kushuka. Atakayemaliza kwanza ndiye mshindi.

Hicho kinachozuia skii zisirudi tunakiita ngozi. Zamani ilikuwa ngozi kweli, ya sili. Siku hizi ni kitambaa kirefu chembamba cha manyoya ya mbuzi wa Angora, upande mmoja manyoya, upande mwingine gundi. Mpapase paka kutoka kichwani kwenda mkiani: mkono unateleza. Rudisha mkono: manyoya yanasimama yanakukatalia. Ngozi inafanya vivyo hivyo. Skii inasogea mbele, inagoma kurudi. Wazoefu wanaibandua bila kuvua skii, wanaivuta kutoka nchani mara moja mpaka nyuma, na wakali wao humaliza zoezi zima, pamoja na buti na visigino, kwa sekunde kumi na kitu. Mimi nikijaribu nachukua dakika nzima na huwa namtukana mtu asiyekuwepo.

Ngozi ikishabanduliwa lazima iingie ndani ya suti au begini. Ukiiacha njiani au ikining'inia, kuna adhabu. Watu wanaona huo ni uchoyo wa waamuzi. Hawajawahi kushuka nyuma ya mtu ambaye ngozi imemchomoka kifuani ikamsokota miguuni.

Sasa gramu. Ukipanda, kila hatua unainua buti, kifungio na skii, kisha unarudia maelfu ya mara. Uzito wa mguuni unachosha kuliko uzito wa mgongoni. Muulize yeyote aliyewahi kulima shamba la matope na gambuti. Ndiyo maana mapinduzi makubwa ya mchezo huu yaliletwa na kifungio: Fritz Barthel, Mwaustria, miaka ya 1980 alibuni kile kinachoshika buti kwa pini mbili tu mbele na mbili nyuma, badala ya chuma kizito kilichokuwepo. Buti za mbio zimefuata mkondo huo huo, za nyuzi za kaboni, na wenzo mmoja nyuma ya kifundo. Ukiuinua, kifundo kinacheza huru kwa kutembea. Ukiushusha, buti linakakamaa kwa kuteleza.

Na hapo ndipo sheria zinapoingia. Karibu kila kifungu cha vifaa kwenye kitabu cha ISMF, shirikisho la kimataifa la skimo lililoundwa 2008, kinaanza na neno "angalau". Hakuna anayehofia mkimbiaji atakuja na kitu kizito. Skii moja na kifungio chake angalau gramu 750 kwa wanaume, 700 kwa wanawake. Buti moja angalau gramu 500 kwa wanaume, 450 kwa wanawake. Urefu wa skii sentimita 160 kwa wanaume na 150 kwa wanawake. Chini ya mguu, upana usipungue milimita 60. Kingo ziwe za chuma. Buti liwe na soli ya meno, kwa sababu kuna mahali utatembea juu ya mwamba. Helmeti ikidhi viwango viwili kwa pamoja, cha wapanda milima na cha wateleza, maana jiwe linaanguka kutoka juu na mti unagongwa kutoka mbele.

Ukizisoma sheria hizo kama fundi, unaona nyuma ya kila moja kuna mtu aliyeshika msumeno. Mtu alikata skii, ikaandikwa sheria ya urefu. Mtu alipunguza soli, ikaandikwa sheria ya soli. Siwalaumu, na mimi nimeletewa buti karakanani nilichonge, nikalichonga mpaka mzani ukasoma 503. Gramu tatu za heshima.

Kwenye vifaa vya uokoaji, lakini, sina utani. Pale pana vitu vinne ambavyo mkimbiaji anavibeba akiomba asivitumie, na zaidi ya hapo, viwili kati yake si vya kumwokoa yeye. Ni vya kumwokoa mwingine.

Cha kwanza ni redio ya kutafutana. Inatoa mawimbi ya kilohetsi 457, kiwango kimoja dunia nzima, ili redio ya kampuni yoyote isikie ya kampuni nyingine. Unaivaa mwilini, ndani ya suti, ikiwa imewashwa tangu unatoka mpaka umalize. Poromoko la theluji likimfunika mwenzako, waliobaki wanageuza zao upande wa kupokea, wanafuata mshale na namba zinazopungua. Cha pili ni ufito wa kuchokolea, unaojikunja kama nguzo za hema. Ukiunyoosha uwe angalau sentimita 240. Redio inakuleta karibu, ufito ndio unaogusa mtu. Cha tatu ni koleo, bapa lake lisipungue sentimita 20 kwa 20, bila kutobolewa wala kukatwa. Theluji ya poromoko si ile laini mnayoiona kwenye kadi za Krismasi. Ikisimama inashikana kama zege. Huichimbui kwa mikono, wala kwa koleo lililogeuzwa chujio, kwa sababu chuma chenye matundu kinapasuka pale pale penye matundu.

Cha nne, blanketi la dharura, lile jembamba linalong'aa, hilo laweza kuwa la kwako mwenyewe.

Kwa nini ukali wote huu kwa ajili ya gramu arobaini? Kwa sababu ya saa. Aliyefukiwa hafi kwa baridi kwanza, anakosa hewa. Dakika kumi za mwanzo wengi hutolewa wakiwa hai. Baada ya robo saa, uwezekano unaporomoka vibaya. Helikopta haiwahi. Anayewahi ni yule aliyekuwa nyuma yako mita hamsini, na anawahi kwa vifaa alivyobeba. Kijana yule wa matundu hakuwa amejipunguzia gramu zake. Alikuwa amempunguzia mwenzake nafasi ya kuokolewa.

Kuna jambo dogo ambalo siku hizi ndilo linanisumbua kuliko yote: simu. Simu iliyo karibu na redio huvuruga mawimbi yake. Wakati wa kawaida ziachane sentimita 20, wakati wa kutafuta sentimita 50. Halafu mtu anakuja ameviweka mfuko mmoja. Kwenye mstari wa kuanzia tunampitisha kila mmoja mbele ya kipokezi kuhakikisha redio yake inalia, lakini hatuwezi kumfuata mlimani kuona alikohamishia simu.

Mbio kubwa zina mahitaji ya ziada. Hapa kwetu mama yao ni Patrouille des Glaciers, inayoandaliwa na jeshi la Uswisi kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili. Timu ni ya watu watatu. Njia ndefu inatoka Zermatt kupitia Arolla mpaka Verbier, kilomita 57.5, na jumla ya kupanda inazidi mita 4,300. Kwa watu wa nyumbani: toka Moshi mjini, panda Kilimanjaro mpaka kambi ya Barafu iwe imebaki kama mita mia tano chini yako, halafu ukumbuke kwamba katikati umeshashuka na kuanza upya mara kadhaa. Timu zinaondoka Zermatt usiku, kwa mafungu, walio dhaifu mapema na wakali mwishoni. Sababu ya usiku ni theluji yenyewe: ikigandishwa na baridi inatulia, jua la mchana likiilainisha ndipo inapoanza kushuka.

Sehemu ya juu kabisa, Tête Blanche, iko kwenye mita zaidi ya 3,600, na kufika huko unapita juu ya barafuto, yaani mito ya barafu inayojongea polepole na kupasuka nyufa za kina kirefu, nyingi zikiwa zimezibwa na kifuniko cha theluji usichokijua unene wake. Hapo watatu wanafungwa kwa kamba moja, kupanda na hata kushuka. Kushuka kwa skii, gizani, mmefungwa kamba watatu ni ufundi wa peke yake. Nimeona ndoa zilizotulia kuliko timu hizo. Sheria ya kamba haikutoka ofisini. Mbio zilianza 1943, na 1949 timu ya watu watatu ilitumbukia kwenye ufa wa barafuto ya Mont Miné, wote wakafa. Mbio zikapigwa marufuku mpaka 1984.

Na koti la joto? Kila mwaka kuna anayeniuliza kwa nini abebe koti ambalo hatalivaa. Machi 2024 watu sita waliokuwa safarini kwa skii kutoka Zermatt kwenda Arolla walinaswa na dhoruba karibu na Tête Blanche. Hakuna aliyerudi. Haikuwa siku ya mbio, ila mlima ni ule ule, na upepo wa kule hausomi kalenda. Kwa hiyo nalikagua koti: naligeuza, natazama zipu, naangalia kama ni la ukubwa wake au kaazima la mtoto ili liwe jepesi. Ndiyo, limeshatokea.

Kifungu ninachokipenda zaidi hakihusu kifaa chochote. Mkimbiaji akikuta mtu yuko hatarini lazima asimame amsaidie, na asiposimama anaenguliwa hata kama angekuwa wa kwanza. Muda alioupoteza waamuzi wanaweza kumrudishia. Sijui mchezo mwingi wenye sheria kama hiyo, na sijui wangapi wangeikubali.

Wasomaji waliouona mchezo huu kwenye ratiba ya Olimpiki ya Milano Cortina 2026 watasema hawakuona makoleo wala kamba. Kweli. Kamati ya Olimpiki iliuingiza mwaka 2021, kwa mbio fupi za wanaume, za wanawake, na za kupokezana za mseto, zikapangiwa Bormio. Mbio fupi ni kama dakika tatu kwenye mteremko uliosawazishwa na kulindwa, hakuna poromoko wala nyufa, kwa hiyo begi ni la kupachikia skii tu. Ni tamu kutazama. Ila kwangu mimi ni kama kuionja pilau kwa kijiko cha chai.

Mliopo huku Ulaya mnaotaka kujaribu: msianze na skii za mbio. Seti kamili ya kaboni huvuka faranga za Uswisi 3,000 kwa urahisi na inakatika ukiikanyagisha jiwe. Kodini za kawaida, jiandikisheni kwenye mbio za jioni zinazopanda tu, pembeni ya njia zilizosawazishwa. Nyingi hazidai redio, zinataka helmeti na taa ya kichwani. Betri mpya. Ukinywa kwa mrija, ukimaliza puliza maji yarudi kwenye chupa, yakibaki mrijani yataganda na utabeba lita nzima ya maji usiyoweza kuyanywa. Ngozi zikiwa hazitumiki ziweke kifuani, gundi ikipoa haishiki. Na jifunzeni kutafutana kwa redio kabla ya kununua chochote. Vilabu vya milima hufundisha kila Desemba, mnazika begi moja uwanjani na kulitafuta mbio mbio mpaka mnachekana.

Yule kijana aliazima koleo la dereva wa gari la theluji, kubwa, zito, la kazi. Alimaliza katikati ya kundi, akalirudisha, akaondoka bila kuuliza la kwake. Bado ninalo. Linafaa sana kwenye jiko letu la kuni: nikichota, majivu yanapita kwenye matundu, makaa yanabaki.