Uji wa Horini: Nani Alikuwa Anauliza?

Hori la mbao, uji wa mahindi uliotiwa mtindi, na watoto waliopiga magoti wakichota kwa mikono au kwa maganda ya kombe. Picha hii inajirudia katika masimulizi ya wazee waliozaliwa utumwani kusini mwa Marekani. Serikali ya huko iliajiri waandishi wakawahoji kati ya 1936 na 1938, na masimulizi zaidi ya 2,300 yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Yanasomwa bure mtandaoni.

Nasi wa pwani yanatuhusu. Merikani waliyovaa babu zetu, iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Marekani, ilifumwa kwa pamba ya mashamba ya watumwa huko kusini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, wengi wa wasimulizi hawa walikuwa wadogo. Mtoto hakumbuki majemadari. Anakumbuka ndoo ya maji aliyowapelekea wakubwa kondeni, inzi aliowapunga mezani kwa bwana, shati moja gumu lililomkwaruza ngozi, mjeledi wa mnyapara. Vita kwake ni askari wa Kaskazini wenye makoti ya buluu wakivunja ghala la nyama, huku bibi mwenye shamba akihimiza vyombo vya fedha vifukiwe haraka.

Kazi yangu ni kutunza nyaraka, na kabla ya kuamini ukurasa wowote hutazama kwanza nani alikuwa anauliza. Waandishi wengi walikuwa Wazungu wa maeneo yaleyale. Uchumi ulikuwa umeanguka, wazee wana njaa, na baadhi yao walidhani mgeni ametumwa na serikali kuwapatia posho. Mzee wa namna hiyo akisema utotoni alikula akashiba, kumbuka pia chungu chake cha siku ile kilikuwa kitupu.

Susan Hamlin wa Charleston, Carolina Kusini, ambaye kwingine ameandikwa Hamilton, alihojiwa na watu wawili. Mwanamke wa Kizungu aliambiwa na Susan kwamba bwana aliyemmiliki utumwani alikuwa mtu mwema. Augustus Ladson, mwandishi mweusi, alisikia mengine kabisa: vilio usiku na mchana vya watu ambao ndugu zao wamechukuliwa ghafla kuuzwa, na arusi iliyofungwa usiku, kulipokucha bwana mwenye watumwa akamuuza bibi arusi.